Sentensi Kumi na Moja za Jenerali

Ningependa ieleweke mapema kwamba Jenerali sikumzulia makubwa. Nilimzulia kukoroma tu.

Shule yetu ilikuwa inatimiza miaka sitini, na Mkuu wa Shule akaamua kitolewe kijitabu cha wahitimu waliojulikana. Walipatikana tisa. Kulikuwa na madaktari wawili, jaji mmoja, mkimbiaji mmoja, na huyo Jenerali, ambaye aliondoka hapa na alama nzuri za hesabu, akaongoza kikosi vitani, kisha akahukumiwa na mahakama na kufia gerezani. Kazi ya kuandika wasifu wao alipewa mkutubi, ambaye bweni zima la wasichana linamwita Shangazi Kadi, ingawa mbele yake ni "Mwalimu" na mikono nyuma. Kazi ya kumchapia nilipewa mimi. Ilikuwa adhabu, kutokana na suala la kengele ya shule na soksi ambalo halihusiani na habari hii.

Shangazi Kadi alikuwa na utaratibu wake. Kila sentensi lazima iwe na kadi nyeupe ya ukubwa wa kiganja. Juu inaandikwa sentensi yenyewe, chini mahali ilipotoka: gazeti gani, daftari gani, ukurasa wa ngapi. Sentensi isiyo na kadi inatupwa, hata kama dunia nzima inajua ni kweli. Jenerali alikuwa na sentensi kumi, kavu kama mkate wa juzi. Nzito ilikuwa ya nane: "Mahakama ilimtia hatiani kwa kuamuru kuuawa kwa raia arobaini na watatu waliokuwa wamefungiwa ndani ya ghala."

"Mbona hujaandika kwamba alikuwa katili?" nilimwuliza. "Mimi ningeandika, tena mara mbili."

"Wewe ungemwekea na pembe," alisema bila kuinua macho. "Mahakama haikusema katili. Ilisema aliamuru. Chapa."

Siku ya mwisho, yeye akiwa amekwisha kulikagua faili la Jenerali na kulifunga, mimi nikalifungua. Nikaongeza sentensi ya kumi na moja: "Akiwa kidato cha pili, wenzake walimpigia kura kuwa mkoromaji bora wa bweni." Nikaitengenezea na kadi yake, "Daftari la bweni, ukurasa wa 14", kwa mwandiko wa Shangazi Kadi, ambao nilikuwa nimejifunza kuuiga zamani kwa shughuli za vibali vya kutoka. Nilitegemea ataiona, atanifinya sikio, tutacheka, yataisha. Hakulifungua tena lile faili. Rasimu na nakala za kadi zikatumwa kwa familia za wahusika.

Kiazi, rafiki yangu wa kitanda cha juu, ndiye aliyeniletea habari siku ya Ijumaa wakati wa uji.

"Mkoromaji wako amefufuka," alisema.

"Sema taratibu, wewe!"

"Mwanawe yuko ofisini kwa Mkuu. Yule Mhandisi anayetuezekea bwalo. Anasema baba yake alikuwa wa kutwa mpaka kidato cha tatu. Kidato cha pili hakulala bwenini hata usiku mmoja. Sasa alikoroma wapi, dada yangu? Darasani?"

Nilicheka kidogo, kwa mazoea. Kisha nikakiweka kikombe chini.

"Anataka nini?"

"Anataka wasifu wote utupwe. Ameandika wa kwake. Nimeuona mezani nilipopeleka chai. Eti 'alilitumikia taifa katika kipindi kigumu na baadaye akakabiliwa na tuhuma'. Kikao ni saa nne."

Saa tatu na robo nilikuwa maktaba. Shangazi Kadi alikuwa amepiga magoti sakafuni kati ya maboksi ya madaftari ya zamani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Njoo unisaidie, mwanangu," alisema. "Hili daftari la bweni silioni. Nakumbuka kila kadi niliyoandika, ila hii siikumbuki. Uzee huu!"

Nilitaka kumwambia. Niliinua boksi ambalo halikuhitaji kuinuliwa.

"Mwalimu, usipoliona itakuwaje?"

"Nimeshamwambia Mkuu: kadi moja ikiwa ya uongo, waifute kazi yote. Nilikuwa na hakika." Akasimama kwa kushika rafu, akachukua nakala ya hukumu, bunda nene lililofungwa kwa uzi, akalifungua mahali palipokuwa na orodha ya majina. Kidole chake kikashuka, kikasimama kwenye jina la kumi na tisa. Jina la mwisho la mtu huyo lilikuwa la ukoo wake mwenyewe.

"Kaka yangu," alisema. "Alikuwa amekwenda kununua mbegu. Hapa shuleni hakuna anayejua, na wewe ufunge mdomo. Ndiyo maana sikuweka neno langu hata moja humo. Asije mtu akasema nimeandika kwa hasira."

Nilifungua kinywa nikasema, "Mwalimu, ile kadi…" na Mkuu akachungulia mlangoni: mgeni ameketi, twendeni, mlete na faili. Faili nililibeba mimi, hukumu akaichukua yeye.

Ofisi ya Mkuu ina saa ya ukutani inayogonga kama mtu anayekudai. Mhandisi alikuwa mtu mpole kwa sura, shati limepigwa pasi vizuri, karatasi yake moja mbele yake. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha zaidi.

"Sina ugomvi na mtu," alisema. "Nauliza tu. Kama mwandishi ametunga usingizi wa baba yangu na kuutafutia hadi ukurasa, hayo mengine tuyaamini kwa nini?"

Mkuu akamgeukia mkutubi. "Mwalimu, daftari limepatikana?"

"Halijapatikana."

"Basi, kwa maneno yako mwenyewe…"

"Kwa maneno yangu mwenyewe," alisema Shangazi Kadi. Akaanza kulisukuma faili kuelekea katikati ya meza.

"Ni mimi!" nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya kifaranga. "Kadi hiyo niliiandika mimi. Niliiga mwandiko wake. Yeye alikuwa amekagua kumi. Ya kumi na moja ni yangu, nilitaka kuchekesha. Shikamoo," niliongeza kwa Mhandisi, kwa kuwa nilikuwa sijamsalimia.

Hakuitikia. Shangazi Kadi alinitazama, na nikatamani sana anifinye sikio. Hakunifinya.

"Kwa hiyo kadi hizi mtoto anaweza kuzighushi," alisema Mhandisi taratibu. "Ndicho nilichokuwa nakisema."

Hapo nikaona nimeharibu maradufu. Mkuu alikuwa tayari ameanza kuivuta ile karatasi ya Mhandisi.

"Basi tuache kadi," alisema Shangazi Kadi. Akaiweka hukumu yenyewe mezani, akafungua uzi. "Zote kumi nitakuonyesha zilikotoka. Tuanze na ya nane. Ukurasa wa sitini na moja. Na majina yapo ukurasa wa sitini na nne."

Mhandisi alisoma. Alipofika kwenye majina alienda polepole, kisha akamtazama mkutubi, na kibao cha jina kilichobandikwa kifuani pake.

"Huyu wa kumi na tisa ni nani kwako?"

"Kaka yangu."

"Kwa hiyo wewe una upande."

"Ninao. Sasa nitafutie katika sentensi hiyo neno moja ambalo ni langu, si la mahakama. Ukilipata, nalifuta mbele yako."

Mhandisi aliweka kidole kwenye rasimu yetu na kidole kingine kwenye hukumu. Alikwenda neno kwa neno. Alirudia mara ya pili. Mkuu aliacha kugusa ile karatasi. Mimi nilikuwa nikihesabu pumzi zangu na kupoteza hesabu. Alipofika kwenye "arobaini na watatu" alifungua ukurasa wa majina, akayahesabu yote, midomo ikicheza.

"Halipo," alisema mwishowe.

Akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni mwa shati.

"Hiyo ya kukoroma itoke," alisema.

"Itatoka," alisema Shangazi Kadi. Akanisogezea rasimu na kalamu nyekundu. Nikapiga mstari, sentensi yangu ikafutika, zikabaki kumi. Mkuu akaniambia nikafungashe, nyumbani wiki tatu, na barua kwa mama niibebe mwenyewe.

Nilipofika mlangoni Mhandisi alikuwa bado amekaa, mkono juu ya ukurasa wa sitini na nne.

"Mwalimu," alisema, "naomba nakala ya huu. Nyumbani hatukuwahi kuwa nao."