Kanzu Nyeupe Ndani ya Mashine

Jumamosi, tarehe 14 Machi 2026. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika hapa mtaani kwetu Toongabbie, jua lilitoka mapema, na nyasi za uani zilikuwa zikifuka mvuke. Siku nzuri ya kuanika. Lakini nguo za kuanika zilikuwa zimefungiwa ndani ya mashine yangu ya kufulia: kanzu nyeupe za ubatizo za kanisa letu, zikielea katika maji yaliyokataa kutoka. Maji yasipotoka, mlango wa mashine ile haufunguki.

Ubatizo ulikuwa kesho yake. Mmoja wa watakaobatizwa alikuwa mume wangu, Katembo. Nimemwombea mtu huyu tangu tukiwa wakimbizi kambini Uganda. Kila mwaka alikuwa na sababu yake, mara kikohozi, mara kazi. Safari hii alikubali mwenyewe, na ghala analofanyia kazi huko Wetherill Park likampa ruhusa ya Jumapili hiyo moja tu. Nilijua siku ikisogezwa, sitampata tena.

Alikuja akainama, akachungulia kwenye kioo cha mashine.

"Mama Clarisse, naona kanzu zimenitangulia kubatizwa."

"Usinichekeshe, Baba Clarisse."

"Mimi nasema tu. Pengine Mungu anataka tungoje Desemba, maji ya bwawa yapate joto."

Alisema kwa mzaha, lakini nilimwona macho. Alikuwa tayari ameanza kurudi nyuma.

Mama Mélanie, kiongozi wetu wa akina mama, alikuwa amefika kuchukua kanzu akazipige pasi. Alinishauri niite fundi. Nilikwisha kumpigia, alisema Jumatano.

"Basi nitaifungua mimi," nikasema.

Katembo akamgeukia Mama Mélanie. "Umesikia? Injinia wa Campbelltown ameongea."

Hilo ndilo jina alilonipa. Shule niliiacha Butembo nikiwa mtoto, na sasa, nikiwa na miaka hamsini na tatu, kila Jumanne jioni napanda treni hadi Campbelltown kujifunza kutengeneza vyombo vya nyumbani. Siku hizo Katembo hula mkate na chai, na nikirudi hukuta kikombe kimeachwa katikati ya meza, nione jinsi alivyoteseka.

Nilizima umeme ukutani, nikapiga magoti mbele ya mashine. Mama Mélanie naye akapiga magoti, akidhani nataka kuangalia chini ya mashine.

"Bwana," nikasema, "wewe ndiwe uliyenitia hamu ya kusoma uzeeni. Usiniache leo."

"Amina," akasema Mama Mélanie.

Mwalimu wetu wa ufundi, Muema, hutuambia tuanze na lililo rahisi. Nikaivuta mashine, nikalikagua bomba la kutolea maji huko nyuma. Halikuwa limejikunja wala kuziba. Katembo alikohoa kidogo.

Chini kabisa, mbele, kuna kidirisha ambacho nilikuwa nakifuta vumbi tu kabla ya kuanza masomo, nisijue kazi yake. Nikakifungua. Nikatandaza taulo, nikaweka sinia la kuokea, kwa sababu beseni lisingeingia, nikaanza kulegeza kichujio kilichomo ndani polepole. Maji yakatoka. Sinia lilipojaa nilikaza, nikamwaga, nikalegeza tena. Nilipogeuka mara nyingine sinia halikuwapo. Katembo alikuwa amelichukua kwenda kulimwaga uani, bila kuambiwa. Akarudi nalo, akaliweka, akangoja.

Maji yalipokwisha nikakitoa kichujio. Ndani yake mlikuwa na vijiwe, laini na vyeupe.

"Mawe?" Katembo akauliza. "Umefua mawe?"

Mama Mélanie alijifunika mdomo kwa kitenge. "Ni yangu," akasema. "Mwaka jana kanzu ya dada mmoja ilielea hadi kiunoni, vijana wakacheka. Nikasema haitatokea tena. Nikashona vijiwe kwenye mapindo, ziwe nzito. Nilidhani uzi wangu ni imara."

"Mama, ulitaka tuzame kabisa," Katembo akasema, na sisi sote tukacheka hadi Mama Mélanie akapangusa machozi.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Nilimulika tundu kwa simu. Humo kuna kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji nje. Nilikigusa kwa kidole, hakikuzunguka. Kijiwe kimoja kilikuwa kimekibana pembeni. Nikakichokoa kwa mpini wa kijiko, taratibu, huku nikiomba kimoyomoyo, mpaka kikatoka. Kigurudumu kikageuka.

Nikarudisha kichujio, nikakikaza, nikawasha umeme na kuchagua kusuuza. Mashine ikavuta maji, ikageuza kanzu, kisha ikanguruma, na maji yakamwagika kwa nguvu kwenye sinki. Nimeimba kwaya miaka mingi na bado sijui wimbo unaoizidi sauti ile. Mwishowe mlango ukalia *tak*. Nilisimama wima. Sikuona haya kujisifu, maana nilijua nani wa kumshukuru.

Jioni, kanzu zilipokauka, nilivishona vijiwe tena, safari hii ndani ya vifuko vya kitambaa kigumu.

Jumapili Katembo aliingia bwawani, na pindo la kanzu yake likabaki chini. Pasta Lazare alimuuliza maswali yote, naye akajibu kila moja. Pasta alipomshika bega amzamishe, Katembo akainua mkono.

"Pasta, kuna ahadi moja hukuniuliza."

Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona.

"Mbele yenu nyote, kila Jumanne mke wangu akiwa shuleni, chakula cha jioni nitapika mimi."

"Na vyombo?" Mama Mélanie akauliza kutoka ukingoni.

"Na vyombo nitaosha," akasema Katembo. "Naahidi."