Nusu ya Pili ya Wimbo wa Buva

"Nusu ya kwanza ninayo," alisema Shripad, bado yuko mlangoni, viatu mkononi. "Ya pili ndiyo sina. Baba alisema atanipa nikikomaa. Sasa baba mwenyewe ndiyo vile unavyomjua."

Yamuna hakuinua kichwa. Mapajani alikuwa na ungo wa bidi, sigara za majani. Alikata jani, akatia tumbaku, akakunja, akafunga uzi. Mama yake alikufa akiifanya kazi hiyo, na yeye aliirudia miaka minane iliyopita, alipoacha kuimba mbele za watu.

"Umeshakomaa?" aliuliza.

"Usinichome, dada. Nina miaka arobaini."

"Miaka naiona. Nimeuliza jingine."

Shripad akacheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kuamka, na ndiyo sababu wimbo wa nyumba yao ulimpita mlangoni kila alfajiri. Baba yake, Narhari Buva, mwalimu wa uimbaji, alipata kiharusi miezi mitatu nyuma, kikamwachia mkono mmoja mzima na hakikumwachia neno hata moja. Mji mzima wa Miraj ulimhurumia. Yamuna hakumhurumia. Ijumaa iliyokuwa inakuja ilikuwa kumbukumbu ya marehemu mwalimu wa Buva, siku pekee katika mwaka ambapo huimbwa mbele za watu ile raga, wimbo wa asubuhi ambao nyumba nyingine yoyote ya waimbaji haina. Kila mwaka Buva aliishia nusu ya kwanza.

"Wenzangu wamenikataza nisije kwako," Shripad aliendelea. "Nikawaambia, mchawi mpe mwanao akulelee."

Miaka kumi na minne Yamuna alikaa kwa Buva. Alifungwa mkononi uzi mwekundu wa uanafunzi kama wenzake wote, ila wenzake walipokuwa wakifundishwa, yeye alikuwa akisugua sufuria na kusikiliza kwa mgongo. Sauti alikuwa nayo, tena ya kutia wivu, na huo ndio uliokuwa msiba wake. Katika miaka mitatu ya mwisho Buva akampa wimbo ule, nusu zote mbili, kisha akamruhusu auimbe siku ya kumbukumbu mbele ya wajuzi wa muziki kutoka miji ya Sangli na Kolhapur. Nusu ya pili hupanda hadi Sa ya juu, noti ya kileleni. Yamuna akapanda kama alivyofunzwa, akiigusa njiani Ni, noti iliyo chini yake, na Buva akainua mkono kumsimamisha.

"Nani amekufundisha hivyo?"

Mwanafunzi hamwumbui mwalimu wake hadharani, afadhali afe. "Nimekosea mwenyewe, Buva."

"Wala sikulaumu. Mtoto wa mkunja bidi ukimpa almasi, ataisokotea tumbaku."

Watu wakacheka. Kisha Buva akauimba mwenyewe, mara moja tu, akiiruka ile Ni, na wimbo ukafunguka kama dirisha. Hapo ndipo Yamuna alipoelewa. Miaka mitatu, asubuhi baada ya asubuhi, alikuwa akifundishwa kosa kwa makusudi, ili wimbo wa kweli umsubiri mwana. Wengine waliondoka na kicheko tu, lakini sikio lake halikuwa la kuambiwa mara mbili. Lile tusi lilikuja na somo ndani yake, na Buva hakujua kuwa amempa.

"Watu wanasema siku ile baba aliuimba ukiwapo," Shripad alisema. "Unao?"

"Ninao."

"Basi nipe, wimbo usife na mzee."

Mkono wa Yamuna ulisimama juu ya ungo. Aliupenda wimbo ule kuliko alivyopata kumpenda mtu. Kila alfajiri aliuimba kwa sauti ya chini, kabla majirani hawajatoka kuteka maji, na mara nyingine alilia kwa kuwa hapakuwa na wa kumwachia. Alikuwa ameshafungua kinywa ampe.

"Kwani wewe," Shripad akasema, bila ubaya wowote, "utaupeleka wapi?"

Yamuna akaweka ungo chini, akamwimbia nusu ya pili kama alivyofundishwa na Buva.

"Hapa naigusa Ni?"

"Iguse. Tena ikalie kidogo."

Siku nne Shripad alikuja, na kwa mara ya kwanza maishani alijituma.

Ijumaa Buva aliletwa kwa kiti, akawekwa mbele kabisa, shali mabegani. Yamuna aliketi nyuma ya Shripad na tanpura, ala ya nyuzi ya kumsindikiza mwimbaji, mahali pa mwanafunzi. Pembeni mjuzi mmoja wa Sangli alikuwa na mashine ya kunasa sauti, jambo ambalo Buva hakulikubali hata mara moja na mwanawe alilikubali kwa kikombe cha chai. Shripad aliimba vizuri. Nusu ya pili ikaanza kupanda, ikafika kwenye Ni, akaikalia.

Mkono mzima wa Buva ukapiga ubao wa kiti.

"Tazama mzee anavyofurahi," mtu alinong'ona. "Damu ya mtu ni damu."

Shripad akauona mkono wa baba yake, machozi yakamlengalenga, akaurudia mstari. Mkono ukapiga tena, kwa nguvu zaidi. Kinywa kilifunguka, kikatoa mate tu, na mke wa Shripad akayafuta kwa upole. Mara ya tatu, ya nne. Wanafunzi ukutani walikuwa wameshaanza kuufuata mstari kwa chini chini, ili waushike.

Yamuna aliona raha, raha kubwa kuliko aliyoitazamia, ikamtisha. Buva aliacha kumtazama mwanawe. Macho yake yalipita juu ya bega la Shripad, yakamkuta. Yamuna hakuyakwepa. Vidole vyake viliendelea na nyuzi nne za tanpura, mmoja baada ya mwingine, na Shripad akavuta pumzi aupandishe mstari tena.