Makala ya Kumi na Tisa

Nina makala thelathini na saba. Kamati ya kupandisha vyeo iliniambia niziorodheshe zote, na kwa zile tano nzito niambatishe fomu za awali za vipimo vya wagonjwa, eti wajiridhishe. Nilikasirika. Miaka ishirini nachunguza figo za watoto, halafu nakaguliwa kama mwizi wa kuku! Mama yangu alikuwa ameshaanza kuniita profesa mbele ya majirani, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku ileile, saa kumi jioni.

Sanduku la makala ya kumi na tisa nililifungua mwenyewe asubuhi ya siku hiyo. Hiyo ndiyo iliyonipa jina. Inasema kwamba mtoto ambaye nguvu ya figo zake imeshuka hadi kiwango fulani anaweza kusubiri miezi sita kabla ya kulazwa, na kanuni hiyo imebandikwa ukutani katika kliniki yetu. Kwa mtoto, kiwango chenyewe tunakikokotoa kwa kipimo cha damu pamoja na urefu wake. Ukimwongezea urefu kwenye karatasi, umemwongezea figo.

Nikapitia safu ya urefu. Wavulana wa miaka saba, wote sentimita 121. Wasichana wa miaka sita, wote 115. Lo! Ni watoto hawa au matofali? Tena watoto wa figo, ambao kila mtu hapa anajua wanadumaa.

Nikampigia simu Bi Rula, muuguzi mstaafu aliyewapima. Tulimwita hivyo kwa jinsi alivyopenda kunyoosha mistari.

"Hawakuweza kusimama, daktari wangu," alisema. "Wengine walikuwa hoi kabisa. Basi naangalia umri, nachukua urefu kwenye jedwali la watoto wenye afya."

"Kwa nini hukuacha wazi?"

"He! Si wewe uliyenirudishia fomu kumi na moja? Ulifoka mbele ya watu kwamba hutaki kuona kisanduku kitupu. Nimwage unga kwa ajili ya kisanduku?" Akacheka kidogo. "Yameshapita hayo, mwanangu. Chukua uprofesa wako."

Ni kweli, nilifoka. Nilikaa pale nikingoja nione aibu, au hofu, chochote kile. Hakikuja kitu. Moyo ulikuwa na ganzi kama fizi iliyodungwa sindano. Nilibakiwa na saa tano, na ningeweza kabisa kujitia hamnazo.

Nilishuka kliniki kujihakikishia kwamba siku hizi wanapima. Kwenye benchi la mbele alikaa mama amempakata binti yake. Faili lilisema miaka sita, urefu 115, arudi baada ya miezi sita.

"Nani alimpima urefu?" nikamuuliza.

"Hajapimwa, dokta. Hawezi kusimama."

Fomu ilikuwa ileile yangu, na visanduku vyake vyote vimejaa. Nikamlaza mtoto kitandani, nikavuta utepe kutoka utosini hadi kisiginoni. Miguu ilikuwa imevimba. Nilipoigusa, kidole kiliacha shimo. Sentimita 96. Nikakokotoa mara mbili kwenye simu. Huyu hakuwa mtoto wa kusubiri hata wiki moja. Nikaandika alazwe, nikaagiza machela, na hapo hapo nikajua kwamba nitaandika barua ya kuifuta makala, na uprofesa ndiyo basi tena. Hata hilo halikuniuma.

Mama alikuwa anakunja shuka la mtoto.

"Kaka yake naye aliambiwa asubiri miezi sita," akasema.

"Yuko wapi?"

"Alisubiri minne."

Machela ikaja. Tukampandisha binti, muuguzi akaanza kumsukuma. Mama akanishika mikono yote miwili.

"Mungu akuzidishie, dokta. Laiti ungekuwepo wakati ule."

"Nilikuwepo, mama," nikamwambia. "Hiyo miezi sita niliiandika mimi."

Hakuiachia mikono yangu. Nikaona bado hajaelewa, nikaanza kumweleza.