Diski Juu ya Folda ya Alama

Mdomo wangu una haraka, na leo umeniponza.

Asubuhi Beatha, katibu muhtasi wa shule yetu hapa Old Moshi, aliingia chumba cha walimu akasema alama za kidato cha nne hazimo kwenye kompyuta, na kesho wazazi wanakuja. Nikaenda kuangalia. Ndani ya folda ya Alama kulikuwa na vitabu vya fizikia tu. Mwalimu wa kompyuta ni mimi, na Linux, mfumo unaoendesha kompyuta zetu, pale shuleni naijua peke yangu, nani angenibishia? Nikarudi nikamwambia mbele ya walimu wote, "Umezifuta wewe. Mtu aliyelelewa kwenye miwa anapewa panga, hapewi kompyuta."

Wengine walicheka. Wazazi wa Beatha walitoka Kasulu kuja kukata miwa huku chini ya Moshi, na kila mtu pale anajua. Mkuu wa shule, Mama Herieth, akamwambia Beatha aende nyumbani akasubiri barua ya kusimamishwa kazi.

Mchana nikakaa kuzitafuta zile alama. Nikaiambia kompyuta inionyeshe ina diski gani, na hapo nikaliona kosa langu mwenyewe. Jana jioni nilikuwa na faili la ISO, yaani diski nzima ya vitabu iliyonakiliwa ikawa faili moja. Kwenye Linux huhitaji diski yenyewe. Unalipachika lile faili kwenye folda, na kompyuta inalisoma kama diski ya kweli. Ila folda iwe tupu. Ikiwa na vitu, diski inavifunika, kama mkeka uliotandikwa juu ya mahindi: mahindi yapo, ila huyaoni. Mimi, kwa kukimbilia gari la kushuka mjini, nililipachika juu ya Alama. Nikaliondoa, na alama zote zikawa pale pale, hata moja haijapungua.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu nikaiongeza mwenyewe. Mama Herieth aliingia, akaziona, akasema, "Mwalimu Eliezeri, Mungu akubariki, umetuokoa." Nami, mpuuzi mimi, nikajibu, "Asante, mama." Sikusema zaidi ya hapo.

Nilipotoka nikachuma jani la isale kwenye uzio wa jirani. Kwetu Wachagga, uliyemkosea ukimpelekea isale hawezi kukunyima msamaha. Nilikuwa natafuta njia ya mkato, ndiyo ukweli wenyewe.

Beatha amepanga chumba mtaa wa Majengo, kule mjini. Nilimkuta uani anachambua mchicha na mama mmoja mtu mzima, sura zao moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye Mwalimu Eliezeri?" Akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Nashukuru mno. Nilikuwa na kliniki leo, na mwanangu kaniambia wewe ndiye uliyemwombea ruhusa anisindikize. Ugenini huku, kumpata mtu wa kumjali mwanao si jambo dogo."

Nilimtazama Beatha; ruhusa hiyo sikuwa nimeiomba. Aliendelea na mchicha wake.

"Na hilo jani ni la nini, baba?"

Nikamweleza kwamba ni la kuombea msamaha.

"Kwani umemkosea nani?"

Beatha ndiye aliyejibu. "Kwetu hilo jani halina kazi, Mwalimu. Mwambie mama ulichosema asubuhi. Kesho utawaambia na wale waliocheka, na Mama Herieth akiwepo."

Nilitamani kutoweka. Nikaanza na diski, nikaingia kwenye folda, nikaeleza jinsi moja inavyofunika nyingine. Mama alinisikiliza kwa upole, akiitikia kwa kichwa, na ilikuwa wazi haambulii kitu.

"Siyo hayo," Beatha akasema.

Basi nikalisema lile la miwa na panga, neno kwa neno, mkono wangu ukiwa bado ndani ya mikono ya mama. Akauachia taratibu, akakaa, akavuta mchicha karibu.