Mkwe wa Danford Alipoingia Dukani

Haya alinisimulia Jenista, tukipukuchua mahindi barazani kwake Ndalambo, mwaka ule simu zilipoanza kushika mtandao kwetu ukipanda kichuguu. Siku yenyewe alikuwepo dukani, amefuata kibiriti, akarudi bila kibiriti.

Danford alikuwa muuza duka wa Mzee Isaka pale Tunduma. Mzee Isaka, mtu wa kuja kutoka mbali, alikuwa anafungua duka jipya Chitete, na nyuma yake kuna chumba. Danford alikitaka chumba hicho kuliko chakula. Yeye na mkewe Atupele walikuwa wanalala jikoni kwa kaka yake, na alfajiri shemeji anaingia kuwasha moto bila hodi, anawaruka kama magogo.

"Chitete nampeleka anayejua kuishi na watu," Mzee Isaka alisema. "Wewe au mwenzako Sadock. Jumamosi nitakaa kwenye kiti pale, naangalia tu."

Danford akakimbilia semina ya biashara, Sadock naye. Wakafundishwa: mteja mtazame machoni, mpe mkono kwa nguvu, mtaje jina, msifie, cheka. Akayameza yote. Akafanya mazoezi kwa mbuzi wa jirani mpaka mbuzi wakabadili njia.

Jumamosi ikafika. "Mama Teresia! Karibu, Mama Teresia! Kitenge kimekukaa, Mama Teresia!"

"Danford, unaumwa?" Teresia akauliza, vidole vimebanwa. "Niachie mkono, nishikie mafuta na nini?"

Lakini alicheka, akaongeza na sabuni. Mzee Isaka akaitikia kwa kichwa.

Ndipo akaingia Enesi, mama mzazi wa Atupele, ametoka Ndalambo na kikapu chake.

Sasa, kwetu mama mkwe hatazamwi machoni. Hapewi mkono, hatajwi jina. Ukikutana naye njiani unaingia porini, hata kama pana upupu. Danford akamwangalia Mzee Isaka kwenye kiti, akakumbuka semina, akakumbuka chumba. Miguu haikungoja shauri. Puu! Akatumbukia chini ya kaunta. Enesi naye akajifunika khanga, akageukia ukuta.

"Anamkimbia mteja!" Mzee Isaka akaruka. "Ndiyo semina hiyo?"

"Tulia, mzee, huyo ni mkwewe," Teresia akasema. "Anamheshimu."

"Heshima ya chini ya kaunta?"

Sauti ikatoka huko chini: "Wewe gunia la chumvi, hebu muulize mgeni wetu kama nyumbani wameamka salama."

Enesi akauambia ukuta, "Wewe ukuta, sema tumeamka, ila mguu wa baba yao bado unauma."

"Gunia, sema pole sana. Ile dawa ya kuchua niliyotuma, ilimsaidia?"

"Ukuta, sema ilimsaidia tumbo. Aliinywa."

"Aliinywa?" Danford akasahau gunia. Duka zima likapasuka kwa kicheko, Enesi naye akauchekea ukuta ndani ya khanga.

Wakauziana hivyo hivyo. Danford anasukuma sukari kwa fagio, Teresia anapokea, Enesi anaagiza kingine. Naye alikuwa ameingia kuomba maji ya kunywa tu! Alipotoka akawaambia wenzake wa Ndalambo waliokuwa wanangoja gari, "Mle kuna kijana anayejua watu, hata mguu wa mzee ameuulizia." Wakamiminika wote.

"Na Sadock?" Mzee Isaka akauliza.

"Sadock jana alimkamata mkwewe mkono, akamtazama machoni," Teresia akajibu. "Mama wa watu alikimbia mpaka Nakonde, Zambia huko. Hajarudi."

Mzee Isaka akapiga magoti, akapitisha ufunguo wa Chitete chini ya kaunta. "Shika. Toka huko."

"Ameshaondoka?"

"Nani?"

"Huyo."

Usiku wa kwanza Chitete, Enesi akaja kuwapongeza, na jogoo mkononi. Jua likazama. Mkwe halazwi dukani, basi akaingia chumbani na binti yake, Danford akapanda juu ya kaunta, miguu inaning'inia.

Atupele akachungulia mlangoni. "Mume wangu, mama anasema chumba kizuri mno. Atakaa mpaka mavuno."

Danford akashika ukingo wa kaunta. "Mwambie karibu sana. Ajisikie nyumbani."

Enesi akaanza kukoroma, Atupele akafuata. Danford akajigeuza polepole asianguke juu ya ndoo za mafuta, akakunja miguu, akalala.