Bamba Lisilokunjika

Fundi cherehani alipewa masharti na mkewe asubuhi ya Jumatano, mbele ya mashahidi. Mkewe ni msusi na kazi yake huifanyia barazani, kwa hiyo mashahidi hawakosekani.

"Miaka minne hii pikapu imelala hapa uani," alisema huku akigawa nywele za mteja kwa chanuo. "Ijumaa saa kumi jioni mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja na lori lake. Kama haijapita getini kwa miguu yake yenyewe, anaibeba."

"Kupita tu?" fundi cherehani aliuliza.

"Kupita tu. Sijakwambia uniletee kikombe cha mashindano."

Fundi hakubisha. Angebisha kwa mdomo gani? Pikapu ilikuwa ya marehemu baba mkwe, na aliyeiua injini ni yeye. Walipoachiwa gari lile alinogewa kuendesha huku na huko hadi akasahau kwamba injini nayo hunywa oili. Siku ilipokwama, mkewe alishuka, akatembea hadi nyumbani, na tangu siku hiyo hakumlaumu hata kwa jicho. Hapo ndipo palipomuuma. Angegombezwa, angalau angepata nafasi ya kujitetea.

Basi kwa miaka minne alikuwa akijikongoja kuifufua. Alikwisha kupata injini nyingine pamoja na giaboksi yake, zilizotolewa kwenye basi dogo. Nyaya tayari, mabomba tayari. Tatizo moja tu: injini mpya ilikuwa haina pa kukalia. Ilihitaji bamba nene la alumini, litoke ubavu huu wa fremu hadi ubavu ule, lenye uwazi katikati kama ukosi, liishike injini kwa mbele. Bamba lenyewe alilinunua kwa Cheche, mchomeleaji wa mtaa, unene wake milimita kumi na mbili kamili.

"Nikatie basi," alimwambia.

Cheche akacheka hadi akashika ukuta. "Nina foleni ya mageti hadi Jumatatu. Kata mwenyewe, si wewe ni fundi? Ila angalia, mzee, hiyo si sketi."

Jamani, kuna maneno ya kumwambia mtu na kuna maneno ya kumeza! Miaka thelathini mtu anapima na kukata, ameshona sare za shule nzima na suti za mabwana harusi wenye matumbo ya kila namna, leo aambiwe hajui kukata? Fundi alijitwika bamba lake begani, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi asubuhi alilibana juu ya meza yake ya kukatia, akaweka juu yake karatasi ya kipimo aliyoichora kwenye pikapu siku nyingi zilizopita, akaizungushia mstari kwa kipande cha sabuni, kama wafanyavyo mafundi cherehani wote. Akawasha msumeno mdogo wa umeme, ule ambao wembe wake huruka juu na chini. Nyie, kelele! Barazani mteja mmoja aliziba masikio, mwingine akaaga na kuahidi kurudi siku yenye amani.

Alumini ukiitazama utadhani ni laini. Laini kitu gani! Inapata moto, inanata kwenye meno ya wembe, na meno yakishaziba msumeno unasugua tu bila kukata. Wembe wa kwanza uliziba. Wa pili ulivunjika, kipande kikamruka na kutua ndani ya sufuria. Fundi akashukuru kwamba alikuwa amevaa miwani, akakaa kwenye ndoo.

Hapo ndipo alipoona jambo. Palipokuwa na mstari mnene wa sabuni, msumeno ulipita vizuri, na ukingo umetoka safi. Palipokuwa na mstari mwembamba, ndipo uliponata. Alisimama kama aliyeitwa na mkuu wa wilaya. Akachukua mche mzima wa sabuni ya kufulia, akaupaka kwenye wembe na kwenye bamba, akaendelea polepole, akipumzisha na kupaka tena. Bamba likakubali. Chenga zikamwagika miguuni, nyeupe na zenye harufu ya nguo safi.

Saa nane alimaliza. Akapiga kingo kwa tupa, akatoboa matundu, akalifuta bamba kwa shati lake mwenyewe na kulibeba hadi kwenye pikapu, kifua mbele. Tundu la kushoto likakaa sawasawa kabisa. Akatafuta la kulia.

Kulia hapakuwa na kitu. Bamba liliishia katikati ya injini, limenyooka wima kama limekatwa kwa amri ya mahakama.

Fundi alitazama. Akaenda kuitazama karatasi. Pembeni, kwa mwandiko wake mzuri, aliandika mwenyewe: *Weka kwenye mkunjo.*

Mnaelewa alichofanya? Fundi cherehani hachori nguo nzima. Anachora nusu, anakunja kitambaa mara mbili, anakata, anakunjua, nguo hiyo imekamilika. Ndivyo mkono wake ulivyozoea. Mkono ulichora nusu, ukakata nusu, na wala haukukumbuka kwamba alumini ya milimita kumi na mbili haikunjwi na mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

"Mbona kimya?" mkewe aliuliza kutoka barazani. Kisha akaja mwenyewe, chanuo mkononi, na mteja wake akamfuata, upande mmoja umesukwa na mwingine umesimama timtim.

Msusi alisoma karatasi. Akatazama bamba. Midomo ikaanza kumcheza.

"Usicheke," fundi alisema. "Nimeiua mara ya pili pikapu ya baba."

"Angalau mimi nusu yangu itamaliziwa," mteja alisema, akijishika kichwa.

Hapo msusi alicheka hadi akaketi kwenye bampa. Alipofuta machozi alimtazama mumewe, akaona kwamba mwenzake hachezi.

"Sasa baba, unalia nini? Suruali uliyovaa ina vipande vingapi?"

Fundi akajitazama miguuni. Kisha akatazama bamba lililobaki mezani. Kwa mazoea ya kubana kitambaa alikuwa amekata pembeni kabisa. Nusu ya pili ilitosha, na masalio ya kuunganishia juu yake. Akaigeuza karatasi kwanza, maana fundi hashoni mikono miwili ya kushoto, akashika msumeno na sabuni. Mapande mawili aliyaunganisha kwa kipande cha tatu na bolti safu mbili, kama mshono wa jinzi. Ijumaa Cheche alipokuja kusaidia kuishusha injini kwa mnyororo, alipitisha kidole kwenye ule mshono, kisha akakipitisha tena.

Saa kumi kasorobo mnunuzi wa vyuma alikuwa keshafika, ameketi kwenye ngazi ya lori lake akila karanga. Fundi akazungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara mbili, ikapiga chafya ya moshi, ikawaka.

Msusi alitupa chanuo. Alifungua mlango wa kushoto, akaingia na kukaa, mikono mapajani. Pikapu ikajongea polepole, ikapita getini, ikapita mbele ya lori. Mnunuzi wa vyuma akasimama na karanga zake.

"Sikuwa na haja na nafasi ile uani," msusi alisema, machozi yanamtiririka. "Nilichoka kuiona imekufa kila asubuhi. Nenda. Nipeleke hadi kule chini."

Kule chini barabara ilikuwa na mteremko. Fundi alitazama pedali ya breki.

"Mama, ulisema kupita tu. Kwa hiyo breki niliziacha hadi wiki ijayo."

Pikapu ilikuwa imeshaanza kushika kasi. Msusi alimtazama mumewe, akapangusa uso kwa kiganja, akaishika hendibreki kwa mikono miwili na kukaza mguu chini ya dashibodi, kama mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu utotoni.

"Wewe shika usukani," alisema. "Unadhani baba alikuwa nazo?"