Samaki wa Dobi

Katika kusimulia mambo ya watu bila kuongeza neno, sijaona wa kunishinda. Humu nimeongeza matatu tu, labda saba, na yote ni ya kumsitiri mwenyewe, maana ukweli mtupu ungemwaibisha zaidi.

Mwenyewe ni Dobi. Duka lake la kufulia lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, na nyuma ya pazia ndipo alipoishi na mkewe na mabinti zao wawili. Mkewe alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache. Maneno yaliyobaki alikuwa nayo mama yake.

Mama mkwe huyo alikuwa mwalimu mstaafu, na katika kazi zote za shule aliyoipenda ni kusimamia mitihani. Alishakamata majibu ndani ya soksi, ndani ya nywele za bandia, na mara moja ndani ya mkate. Tangu siku ya kwanza alimtazama Dobi kama mtahiniwa anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kwa mara ya tatu.

Sasa Muuguzi akapata mafunzo ya miezi mitatu katika mji mwingine. Watoto wabaki na nani?

"Na baba yao," akasema Dobi, kifua mbele.

"Baba yao yupi? Huyu?" akauliza mama mkwe. "Mwanangu, huyu hata maua ya plastiki yalimfia."

Na kweli yalimfia. Aliyachemsha ili yatakate.

"Mama, nipe chochote chenye uhai nikilee, uone."

"Haya, lea samaki. Nitakuja Jumamosi ijayo. Nikimkuta hai, nakaa kwangu, mguu sitii hapa mpaka mwanangu arudi. Nikimkuta amekufa, nahamia miezi yote mitatu. Chumba chenu nalala mimi, na wewe utalala dukani na mashuka ya watu."

Mara ya mwisho mama huyo alikaa siku nne tu, na Dobi akapungua kilo mbili, akawa anaomba ruhusa kabla ya kukohoa. Miezi mitatu ingemmaliza akabaki mifupa na suruali.

Akatumia akili, kwa kuwa anazo, ila huzitunza zisichakae. Hakununua samaki Jumapili, wala Jumatatu. Alingoja mpaka Ijumaa jioni. Samaki aliyenunuliwa Ijumaa jioni, alijiambia, ana usiku mmoja tu wa kufa.

Muuza samaki wa mapambo akamchagulia mmoja wa rangi ya chungwa, mkia mweupe mwembamba kama lesi, akamtia kwenye mfuko wa maji.

"Maji ya bomba usiyatumie hapo hapo," akamwelekeza. "Yalaze kwenye ndoo siku nzima. Na huyu umwache kwanza ndani ya mfuko wake, uelee juu ya maji mpaka..."

Dobi akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndugu yangu, unamfundisha dobi habari za maji?"

Nyumbani Muuguzi akampiga picha samaki akiwa mfukoni, akamtumia mama yake, akaenda kulala. Hapo Dobi akakunja mikono ya shati. Kwake yeye, kitu kipya hakitumiki bila kufuliwa. Bakuli la kioo akalisugua kwa sabuni ya unga, akalipitishia dawa ya kutoa madoa, akalisuuza mara mbili. Vijiwe navyo akavifanyia hivyo hivyo. Maji ya mfukoni aliyaona yana ukungu wa kijani, akayamwaga kwa karaha, akamweka samaki kwenye maji maangavu ya bomba yanayonukia kama wodi.

Samaki akazunguka bakuli mbio mbio.

"Mwone alivyofurahi," akasema Dobi, akaenda kulala.

Asubuhi Muuguzi na mabinti walitoka alfajiri kumfuata bibi, hata taa ya sebuleni hawakuwasha. Dobi alipofungua dirisha alimkuta samaki juu ya maji, tumbo juu, kama mzee aliyeshiba anayengoja mtu amfukuzie nzi.

Akamwita mpiga pasi. Mwanamke huyo alikuwa amefanya kazi pale miaka kumi na moja, na hakuogopa mvuke wala bosi.

"Amelala, eti?" Dobi akauliza.

Mpiga pasi akainama. "Amelala, bosi. Ila huyu hata ukimwita kwa chai haamki."

"Mguse."

"Mguse wewe uliyemwogesha!"

Dobi akamsukuma kwa kibanio cha nguo. Samaki akageuka upande wa heshima, akafikiri kidogo, akarudi tumbo juu. Mpiga pasi akamtia kwenye bahasha ya vifungo, akaenda kumzika chini ya mwaridi wa jirani. Dobi akakimbilia kwa muuza samaki.

"Maji uliyalaza?" muuzaji akauliza.

"Niliyalaza."

"Mbona vidole vyako vinanuka dawa ya madoa?"

Dobi akaficha mikono mfukoni. "Nipe mwingine kama yule."

"Wamekwisha. Wamebaki weusi."

"Mama mkwe ameiona picha ya yule!"

"Basi mwambie huyu amefiwa."

Akarudi jasho likimtiririka. Saa sita. Macho yake yakatua kwenye kapu la nguo za kufuliwa, juu kabisa, penye mshipi wa gauni: satini mpya, rangi ya chungwa, na mwishoni umeshonewa lesi nyeupe. Dobi akatazama juu, akashukuru.

"Bosi, hapana," akasema mpiga pasi. "Mshipi huo tumeupokea jana. Mwenyewe akija Jumatatu akaniuliza ulikuwa wapi?"

"Mwambie ulikuwa kwenye maji. Si aliuleta ufuliwe?"

Akaukunja, akashona haraka haraka, tumboni akajaza kipande cha sponji ili uelee, akatia kifungo cheusi kuwa jicho. Akaufunga kwa uzi kwenye kijiwe cha chini. Feni akaielekeza juu ya bakuli, maji yakawa na mawimbi madogo. Samaki akainua mkia. Kwa mbali, kwa mtu mwenye haraka na macho mabovu, alikuwa hai kabisa.

Saa kumi mama mkwe akaingia. Akapewa kiti cha mbali, akakivuta karibu. Mabinti wakabandika pua kwenye kioo.

"Baba, mbona haendi popote?" akauliza mdogo.

"Ana adabu. Ameona wageni."

"Na mbona hafumbi jicho?"

"Samaki hafumbi jicho." Dobi akajipongeza moyoni. Hilo lilikuwa kweli.

Mama mkwe akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Feni ikavuma. Samaki akayumba kushoto, akayumba kulia.

"Anaogelea," mama mkwe akakiri, kwa shida, kama anayemeza kidonge bila maji. Muuguzi akaanza kutabasamu. Dobi naye akaona miezi mitatu inashuka mabegani, mmoja mmoja.

Ndipo ukatoka tumboni mwa samaki uzi mwembamba wa rangi ya chungwa, kama moshi wa ubani. Ukaja wa pili. Kisha bakuli zima likawa jagi la sharubati. Dobi, ambaye kila siku ya Mungu huwaambia wateja wafue nguo mpya peke yake mara ya kwanza, akakumbuka ushauri wake.

"Mkwe," akasema mama mkwe, "samaki wako anachuja."

"Ni mkojo, mama. Aina hii inakula karoti."

Mama mkwe akakunja mkono wa gauni, akauzamisha hadi kiwiko, akatoa samaki, uzi na kijiwe kwa mkupuo mmoja. Akamkamua mara moja tu, kwa nguvu. Mshono ukaachia. Kutoka kwenye mkia kikaning'inia kitambaa kidogo cheupe chenye wino usiofutika, kile ambacho kila nguo inayoingia dukani hushonewa ili isipotee.

Nyuma ya pazia, mpiga pasi akaweka pasi chini asikie vizuri.

"Arobaini na saba," mama mkwe akasoma taratibu, maji ya chungwa yakimdondoka kiwikoni. Akamgeukia Dobi. "Huu ni umri wake, baba, au ni namba ya mwenye nguo?"

Dobi akaizima feni.

"Umri, mama."